Nyuzi za Bapa

Chitanda ametandika pakiti mbili juu ya kioo cha kaunta,
kati ya betri za redio na chaja zisizo na mwenyewe.
"Hizi za mzunguko zinang'aa. Ukigusa, zinajibu.
Hizi za bapa, wateja wake wamekufa au wameokoka."
Anacheka peke yake.
Mimi naangalia vidole vyangu.

Tangu Oktoba nabangua korosho Mkanaledi.
Mafuta ya ganda hayana adabu:
yanapita kwenye majivu, yanapita kwenye mafuta ya nazi,
yanakula ngozi mpaka mistari ya kidole inafutika.
Juzi nilikwenda kusajili laini,
mashine ikanikataa mara nne.
"Mama, weka kidole."
Nimeweka.
"Weka kidole, mama."
Ndicho hicho, mwanangu, sina kingine nyumbani.

Na Jumamosi, ukumbini Ligula,
napanda jukwaani na vidole hivi hivi.

Nyuzi za mzunguko zina meno.
Waya umeviringwa juu ya waya, matuta kwa matuta;
ukiteleza kutoka La kwenda Re zinalia kama panya kwenye dari,
na kidonda kinafunguka kabla ubeti wa pili haujafika.
Ila sauti yake, tuseme kweli!
Bati jipya, mvua ya kwanza.
Nikizipiga, hata wahudumu wanageuza shingo.
Nazipenda. Sitaki kudanganya.

Chitanda anafunga zile za bapa kwenye gitaa lake la majaribio,
lenye shingo iliyoungwa kwa gundi na skrubu ya mlango.
"Haya, Somoe. Piga."

Napiga Mi, uzi mnene.
Haikung'aa. Haikuruka.
Ilitua.
Kinu kitupu kina mlio wake, kila jirani anaujua.
Huu ulikuwa wa kinu chenye makopa ndani,
mchi umekuta kitu cha kufanya.
Napiga tena. Kidole kinapita juu ya uzi
kama juu ya kisu upande usiokata.
Hakuna kinachouma.
Nimesahau kwamba inawezekana kisiume.

Nandonde, mpiga solo wetu, kaja kununua kebo, anatia neno:
"Besi hiyo haitasikika.
Watu siku hizi wanasikiliza muziki kwa simu,
na simu haina tumbo."
Namwambia simu ilikataa kunitambua,
nami siwezi kuipigia muziki.
Tumetoka sare.

Bei, elfu tisini.
Nahesabu kwa ndoo, kwa kilo, kwa siku za kukaa kigodani
moshi ukinijia kila nikihama.
Elfu hamsini sasa, iliyobaki wakilipa.
Chitanda anaandika kwenye daftari, jina langu chini ya deni la msikiti,
spika mbili, tangu Mfungo Tatu.

Halafu, mkono ukiwa mlangoni, narudi.
"Uzi wa So nitolee kwenye zile za mzunguko."
"Pakiti haivunjwi."
"Navunja korosho tangu alfajiri mpaka magharibi, Chitanda,
nitashindwa pakiti?"

Ananitazama kama niliyeomba chumvi kwenye chai.
Nyuzi tatu za bapa, mmoja wa mzunguko:
hazilingani mkazo, hazilingani sauti, shingo inaweza kupinda.
Najua. Nimeyajua yote kabla hajayasema.
Anachana karatasi kwa ukucha, taratibu, kama anayefungua barua ya mtu mwingine.

Jumamosi nitakaa chini na zile tatu,
Mi, La, Re, nikitwanga,
wachezaji wakikanyaga wasijue wanakanyaga nini.
Nandonde atadhani nimeshanyamaza.
Katikati ya wimbo wa mwisho, mara moja tu,
nitateleza juu ya So toka juu mpaka chini
ile kelele ya panya isikike ukumbi mzima.
Atageuka.
Nami nitakuwa naangalia dari.